Sufuria Alizozichagua Mama

Baba alioa mke wa pili mwaka niliomaliza darasa la saba, na mama yangu ndiye aliyetumwa kumchagulia huyo mke sufuria.

Baba alimwambia mama asubuhi, tukinywa chai jikoni. Kwetu mwanamume haingii jikoni, na baba hakuingia. Alisimama mlangoni, fimbo kwapani, akaziba mwanga.

"Jiandae twende Sirari. Yule binti wa Machochwe anakuja karibuni, na kwao hawana kitu. Nataka apikie vyombo vya maana. Wewe ndiye unayejua sufuria."

Mama alikuwa ameinama anapuliza moto. Hakugeuka.

"Za aina gani?"

"Kama zako. Ila kubwa zaidi."

Akaondoka. Mama akaendelea kupuliza, ingawa moto ulikuwa umeshawaka.

Sufuria za mama zilikuwa za enameli, yaani chuma kilichopakwa rangi ngumu inayong'aa kama kioo, ndani nyeupe, nje bluu yenye maua madogo. Alizipata moja moja kwa kuuza ndizi zake sokoni Sirari, na wanawake wa pale kijijini walizijua kama wanavyojua ng'ombe wa jirani. Maziwa yalichemka humo bila kushika ladha ya chuma. Mgagani, mboga ya majani machungu, uliopikwa na maziwa ungelala humo mpaka kesho yake na kuzidi utamu, wakati kwenye sufuria ya kawaida ungekuwa mweusi na mchungu. Ugali hakusongea humo hata mara moja. Ugali wa kwetu wa mtama na muhogo unasongwa kwa nguvu za mabega, na mwiko ukigonga enameli kila siku, rangi itabanduka tu. Kwa ugali alikuwa na sufuria nene ya kawaida, iliyobonyea, ambayo hakuijali.

Zile za enameli alizijali kuliko sisi watoto. Sitanii. Kabla ya kuziweka kwenye mafiga alizipaka majivu yaliyoloweshwa kwa nje, masizi yasigande. Akishaipua, aliacha sufuria ipoe yenyewe juu ya kigae, na ole wake atakayeimwagia maji kabla haijapoa. Aliosha kwa dodoki na sabuni, akafuta, akatia kitambaa kati ya moja na nyingine, akafungia kabatini. Siku moja niligonga mfuniko kwenye jiwe ukachubuka ukingoni, alama ndogo kama punje ya ulezi. Alinisimamisha uani juani, mfuniko kichwani, tangu chakula cha mchana mpaka ng'ombe wanarudi. Watu walipopita wakauliza, alijibu, "Anajifunza."

Mama yangu alikuwa mtu wa hivyo. Nimewahi kusikia watu wakisema ukewenza ndio uliomharibu. Si kweli. Ukewenza ulimpa kazi tu.

Tulikwenda Sirari watatu, mimi nikiwa wa kubeba. Mfanyabiashara alikuwa kijana wa upande wa pili wa mpaka, wa Isebania, mwenye maneno mengi. Alipanga seti zake juu ya turubai: nyekundu, kijani, nyeupe zenye mawaridi.

"Mathe, hizi ni orijino. Hata ukifika Nairobi huzipati. Chukua hii nyekundu, hii ni moto wa kuotea mbali."

Mama alichuchumaa, akaanza kazi yake. Aliinua kila sufuria kwa mkono mmoja kupima uzito, kwa sababu chuma chepesi hujikunja kikipata moto, na chuma kikijikunja rangi haina pa kushika. Aligonga tako kwa ukucha, sikio karibu. Aliigeuza ndani kwenye jua akitafuta vitundu vidogo vyeusi, maana penye kitundu kutu huanza. Alipitisha kidole ukingoni mzunguko mzima. Alivuta mishikio. Alizungusha mfuniko kuona kama unakaa sawa au unacheza. Nilimtazama nikiwa na hakika atachagua mbovu. Ningekuwa mimi, ningechagua mbovu.

Alichagua seti bora kuliko zote. Nyekundu, nzito, ndani nyeupe kama maziwa.

"Mathe unajua vitu," kijana akasema, akifunga kwa kamba. "Binti yako anaolewa?" Akanitazama mimi, akacheka.

Baba naye akacheka. "Ni za mke wangu. Naongeza jiko."

Kijana akamwangalia mama, halafu akaangalia kamba yake. Mama alisema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Ni za mke wetu. Funga vizuri zisigongane njiani."

Tulirudi nikiwa nimezibeba kichwani. Mama alitembea nyuma yangu akiniambia polepole, polepole, kama vile nimebeba mayai.

Mke mdogo alifika akiwa na begi moja na jozi ya vitenge. Alikuwa na miaka ishirini hivi, mrefu, mwenye mwanya, na alikuwa na tabia ya kucheka kabla hujamaliza kusema. Kwao Machochwe, karibu kabisa na mpaka wa hifadhi, alikuwa amechunga, amelima, amefukuza tembo shambani kwa kupiga madebe, lakini hakuwahi kupikia sufuria za enameli. Alipofunguliwa zile nyekundu jikoni kwake alipiga magoti akazigusa kwa ncha za vidole.

"Ni zangu zote?"

"Zote," mama akasema. "Nilikuchagulia mwenyewe."

Akamshika mama mikono miwili. "Shikamoo mama. Asante. Mimi niliambiwa nitakuta simba humu ndani."

"Marahaba. Simba wako huko kwenu," mama akasema, na wote wakacheka.

Kesho yake mama alimwita aje na sufuria zake afundishwe. Nilikuwa nachambua mboga pembeni, nikasikia kila neno.

"Kwenu mlipikia nini?"

"Vyungu, mama. Na sufuria za kawaida."

"Hizi si za kawaida. Zina masharti yake. Kwanza, kabla ya kupika, iweke motoni tupu. Iache mpaka uone moshi wake. Kiwandani huwa wanaacha harufu ya dawa. Usipoichoma, mzee ataisikia kwenye mboga."

"Tupu kabisa? Bila maji?"

"Bila maji. Pili, ukishapakua, palepale ikiwa ya moto, mwagia maji baridi ya kisimani. Ukoko unaruka wenyewe."

"Haitapasuka?"

"Itatoa mlio. Usiogope. Ni uchafu unaotoka." Mama aliyasema haya akimpangusia vumbi begani, kama mama halisi. "Na tatu, isugue kwa mchanga na waya. Kwa nguvu. Weupe wa sufuria ndio weupe wa mke. Ukiwa mvivu wa kusugua, watu watajua."

Mke mdogo aliyarudia yote kwa kuhesabu kwenye vidole, kama mtoto anayejifunza sala. Motoni tupu. Maji baridi. Mchanga na waya. Halafu akasema, "Mungu akubariki, mama. Mke mwenza mwingine angeniacha niharibu."

Nilimwambia ukweli. Ilikuwa kisimani, tukisubiri zamu, na watu walikuwa mbali.

"Mama mdogo, usimwagie sufuria maji baridi ikiwa ya moto. Na mchanga unakwangua. Mama mwenyewe anatumia dodoki."

Alinitazama kwa huruma, kama mtu anayemwangalia mtoto mwizi. "Mama yako ndiye mtu pekee aliyenipokea kwa moyo mweupe hapa. Wewe unataka kutugombanisha kwa sababu baba yako ameoa. Nakuelewa. Lakini usirudie."

Na kwa wema wake, au kwa ujinga wake, akaenda kumweleza mama ili anionye kwa upole. Mama alimshukuru. Alipoondoka alinifungia jikoni akanipiga kwa mwiko uleule wa ugali, mgongoni na kwenye vifundo vya mikono, bila kupandisha sauti. "Umeona?" akasema akimaliza. "Amekuchagua wewe au amenichagua mimi?"

Basi kila siku jioni nilisikia ule mlio kutoka jiko la pili: chwaaa, halafu tiki, tiki, tiki, kama mtu anayevunja vijiti vyembamba. Enameli na chuma havipoi kwa mwendo mmoja. Ukivishtua, rangi inaingia nyufa nyembamba kama nywele. Mama akiwa kwetu alinyamaza kusikiliza. Ule mlio ulimpa hamu ya kula. Sijui nielezeje vizuri zaidi: alikula vizuri kipindi kile, akanenepa.

Sufuria zilififia. Weupe ukawa kijivu kwa kukwanguliwa, kijivu kikashika kila rangi ya mboga, na kadiri zilivyoshika rangi ndivyo mke mdogo alivyozidi kusugua. Vidole vyake vilichubuka. Baba aliona, maana sasa alikula zaidi kule. Alimuuliza mama.

"Watu wa porini," mama akasema. "Wamezoea vyungu. Kila siku namwelekeza."

Tangu hapo baba alianza kumwita Chungu. Chungu, lete maji. Chungu, ndama wamefunguliwa. Wadogo zangu nao wakafuata. Naye alicheka, mwanzoni, kwa sababu alidhani ni jina la mapenzi.

Kisha wakaja wazee wa rika la baba. Baba alichinja, akataka nyama ipikwe kwa mke mdogo, kwenye ile sufuria kubwa nyekundu, ili waone. Mimi nilikuwa nanawisha wageni mikono. Walikula vizuri, wakasifu mchuzi, mpaka mzee mmoja, mkubwa kuliko wote, alipoacha kutafuna. Aliingiza vidole mdomoni akatoa kipande cheupe upande mmoja, cheusi upande wa pili, chenye ncha. Alitema damu kiganjani. Alikiweka kipande kwenye ukingo wa sahani na kusukuma sahani mbele.

Baba aliita. Mke mdogo akaja akifuta mikono.

"Hiki ni nini?"

Alikitazama kwa muda. "Sijui, mzee wangu. Labda mfupa."

"Lete sufuria." Alipoleta, baba akamwita mama. "Mkubwa, njoo utazame. Wewe ndiye unayejua."

Mama aliigeuza kwenye mwanga kama alivyofanya Sirari. Akapitisha kidole ndani. Sakafu ya sufuria ilikuwa imebanduka kipande kikubwa, chuma kipo wazi, kutu imeanza.

"Imechomwa tupu," mama akasema. "Imemwagiwa maji baridi ikiwa ya moto. Imesuguliwa kwa mchanga. Nimemkataza mpaka nimechoka. Nitafanyaje?"

Nilimwona mke mdogo akielewa. Haikuchukua muda. Macho yake yalitoka kwenye sufuria yakaja kwa mama, yakapita kwangu pale na birika la kunawia, yakarudi kwa mama.

"Mama," akasema. "Si wewe uliyeniambia?"

"Mimi?"

"Motoni tupu. Maji baridi. Ulisema uchafu unatoka."

Wazee walicheka. Kweli ilikuwa inachekesha, ukiisikia hivyo: nani angechoma sufuria tupu ili itoke uchafu? Baba hakucheka. Alimpiga kofi mbele yao, akamwaga uani mchuzi wote wa kwenye sahani, mbwa wakaja. Halafu akamtwika ile sufuria kichwani, ikiwa bado ya moto kidogo na mafuta yakimchuruzika shingoni.

"Nenda nayo kwenu. Waambie nimewarudishia Chungu chao. Wakikufundisha akili, urudi."

Alipita mashineni, wanawake walikokuwa wamepanga foleni ya kusaga. Niliwasikia wakimpigia vigelegele vya kejeli. Mama alisimama nyuma ya nyumba mpaka vigelegele vilipokwisha, halafu akaingia ndani kuosha vyombo vya wageni.

Baada ya majuma kadhaa kaka zake walimrudisha, pamoja na mbuzi wa kuomba radhi. Alikuwa amekonda, na ile tabia ya kucheka kabla hujamaliza kusema ilikuwa imeondoka. Baadaye sana aliniambia kilichotokea kule. Dada yake mkubwa alipika kwenye kambi ya watalii karibu na hifadhi, na kambi ile ilitumia vyombo vya enameli kwa chai na supu. Alipomsimulia yale masharti, dada yake alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akaacha kucheka akauliza, "Ni nani huyo anakuchukia kiasi hicho?" Akamfundisha upya, yote, tangu majivu ya nje mpaka kitambaa cha katikati.

Aliporudi alikwenda moja kwa moja jikoni kwa mama.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Umejifunza?"

"Nimejifunza."

Basi. Hawakugombana, si siku ile wala nyingine. Walilima pamoja, wakapeana moto na chumvi, wakakaa kanisani benchi moja. Mke mdogo akazaa. Ile sufuria kubwa, aliyorudi nayo, hakuitupa. Aliiweka juu ya kichanja cha kuni, ikaota kutu.

Mimi niliolewa Kisaka. Mume wangu aliniambia nichague vyombo mwenyewe, na niliporudi Sirari nilijikuta nachuchumaa, nagonga kwa ukucha, nasikiliza. Mikono yangu ilifanya yote kabla sijafikiri. Nina sufuria mbili tu za enameli na birika: moja ya maziwa, nyingine ya mboga zenye nyanya nyingi au za kulala mpaka kesho yake. Sasa nina jiko la gesi, na gesi inazifaa kwa sababu unaweza kushusha moto. Zinataka moto mdogo na subira. Zikishika ukoko naloweka maji ya uvuguvugu usiku kucha badala ya kukwangua. Zimedumu. Watu wakiniuliza nimejifunza wapi, nasema kwa mama, na hilo ni kweli.

Nilipigiwa simu msimu wa palizi kwamba mama ameanguka shambani. Kiharusi. Upande wa kulia wote ulikufa, mdomo ukaenda pembeni, maneno yakabaki machache, na hayo machache yalitoka kama mtu anayesukuma mlango mzito. Baba alisema mke mdogo ndiye atakayemuuguza. Hakuuliza mtu. Yeye mwenyewe alikuwa akifika mlangoni mwa mama asubuhi, anauliza, "Bado?" na kuondoka.

Nilikwenda mara nilipoweza. Safari ya kwanza nilimfunua mama mgongo kutafuta vidonda, maana nilitegemea vidonda. Ngozi ilikuwa safi, imepakwa mafuta. Shuka zilinukia sabuni. Nilitoka nje nimshukuru mke mdogo, nikamkuta anamkorogea uji. Alikuwa anapika kwenye sufuria ya mama, ya bluu, kwa ustadi ambao mama mwenyewe asingeukosoa. Kisha akaumimina ule uji kwenye ile nyekundu yenye kutu, akaupeleka ndani, akamlisha humo kijiko kwa kijiko. Mama alikula macho yakiwa ndani ya sufuria.

"Kuna bakuli safi," nikasema.

"Lipo," akajibu. Akaendelea kulisha.

Safari iliyofuata nilifika mchana bila kutoa taarifa. Mlango wa jiko la mama ulikuwa wazi. Mama alikuwa ameketishwa kwenye kiti, amefungwa kwa khanga kifuani asianguke, ameelekezwa kwenye mafiga. Motoni palikuwa na sufuria ya bluu, tupu, inatoa moshi. Chini kulikuwa na nyingine mbili, au mabaki yake: zimepasuka rangi, zimemeguka, vigae vyeupe vimetapakaa sakafuni.

Mke mdogo alikuwa anaongea kwa sauti tamu, sauti ya mwalimu wa chekechea.

"Kwanza tunaichoma tupu. Si ndivyo, mama? Ili harufu ya dawa itoke. Tazama, moshi huo. Sasa tunachukua maji ya kisimani." Akainua kopo. "Itatoa mlio. Usiogope."

Chwaaa. Tiki, tiki, tiki. Mvuke ukajaa jiko zima. Mkono wa kushoto wa mama, ule mzima, ulikamata ukingo wa kiti.

"Unafanya nini?" nilipiga kelele.

Hakushtuka. Aligeuka akanitazama, jasho likimtoka. "Napika kama nilivyofundishwa."

"Ni mgonjwa! Hawezi hata kusema!"

"Mimi nilikuwa naweza kusema. Ilinisaidia nini?" Akaweka kopo chini. "Nimemwosha leo. Nimemgeuza. Nimemtoa mavi kwa mikono yangu hii. Mgongo wake hauna kidonda hata kimoja, mfunue uone. Wewe ulimwosha lini mara ya mwisho? Nitamtunza mpaka afe, na wala sitamtukana. Ila sufuria hizi ataziona zikiisha, moja moja, kwa macho yake."

Nilikwenda kumfungua mama ile khanga nimtoe nje. Hapo mama akaanza kusukuma neno. Mishipa ya shingo ilimsimama, mate yakamtoka upande uliolegea. Sote wawili tuliinama. Mimi nilidhani atasema nisamehe. Nafikiri mke mdogo naye alidhani hivyo, kwa maana alipiga magoti kabisa mbele ya kiti, uso wake ukiwa umelegea, wazi, kama uso wa yule binti aliyefungua sufuria nyekundu.

"Mcha," mama akasema. Akavuta pumzi. "Mchanga."

"Nini, mama?"

"Mchanga. Ume... sahau. Mchanga."

Na upande mmoja wa mdomo, ule uliokuwa hai, ukapanda juu.

Wapo niliowasimulia wakasema ilikuwa njia yake ya kukiri. Sikubaliani nao. Namjua mama. Alikuwa anamfundisha tena, na alifurahi.

Mke mdogo alikaa pale chini kwenye maji na vigae. Kisha akaanza kulia kwa sauti mbaya, ya hasira, akipiga sakafu kwa viganja mpaka vikatoka damu kwa vile vigae. Mama alimtazama mpaka alipomaliza. Mimi nilimfungua mama nikamburuta kitandani peke yangu, akiwa mzito kama gunia la mahindi mabichi, na hakuniangalia hata mara moja.

Nilimpigia mume wangu simu kumwomba nimlete mama Kisaka. Akasema nyumba ni ndogo. Nyumba yetu si ndogo. Niliondoka kesho yake nikamwacha mama na mke mdogo, kwa sababu hakukuwa na mtu mwingine.

Alikufa mvua zilipoanza. Hakuwa na kidonda. Wanawake waliomwosha walisema hawajawahi kuona mgonjwa wa kiharusi aliyetunzwa vile, na habari hiyo ikaenea, na mke mdogo akapata sifa kijiji kizima. Baba alisimama makaburini kwenye matope, kofia mkononi, akawaambia watu, "Wake zangu walipendana. Mkubwa alimfundisha mdogo kazi zote, na mdogo akamlipa." Watu wakaitikia. Nilimtazama mke mdogo. Alikuwa anasikiliza kwa makini, kichwa kimeinama, kama mtu anayesikia habari za watu asiowajua.

Matanga yalipoanuliwa nilifungasha. Alinisindikiza mpaka barabara kuu kusubiri bodaboda, akanibebea mkungu wa ndizi begani ingawa nilikataa. Nilitaka kumwambia kwamba nilimwambia mapema, kisimani, na yeye ndiye aliyekataa kunisikia. Nilitaka pia kumshukuru kwa ule mgongo. Nikasema tu, "Nitakuja kuwaona watoto wakifunga shule."

Alimpa dereva mkungu aufunge nyuma. Akahakikisha kamba imekaza.

"Usije," akasema. "Kila nikikuona usoni namwona yeye. Nitakuita nikiwa tayari."

Bodaboda ikaondoka. Zile ndizi tulizipika zikaisha, watoto wake wamefunga shule na kufungua na kufunga tena, na mpaka leo hajaniita.